Aliyepakwa Rangi

Mimi habari hainikai kifuani. Mama husema siku niliyozaliwa sikulia, nilianza moja kwa moja kusimulia. Basi fikirieni siku tuliyorudi Sumbawanga kutoka Dar es Salaam, mimi na baba, kwenye lori la Abdala lililotupakia Tunduma kwa sababu mabasi hayakuwa na mafuta. Vumbi la mwezi wa kumi limenigeuza rangi, nywele nilizosuka Dar kwa mbwembwe zote zimekuwa kama katani, na bado nilikuwa narukaruka huko nyuma juu ya magunia kama mtoto. Nimemaliza chuo cha ualimu! Nimepanda lifti! Nimeonja bahari, ni chumvi kweli! Sukari hata Dar hakuna, kwa hiyo watu wa Sumbawanga waache kulalamika kwamba serikali imewasahau peke yao!

Na kubwa kuliko yote hayo: baba yangu, ambaye tulimtoa nyumbani, mtaani kwetu Malangali, amelala kwenye godoro, anatapika damu nyeusi kama masizi ya chungu, sasa alikuwa amekaa mbele kando ya dereva, anakula ndizi.

"Taratibu, baba," nilimwambia kupitia kidirisha.

"Nimekunywa uji kama mtoto mchanga tangu masika," akanijibu mdomo umejaa. "Niache nitafune."

Baba anaitwa Leonsi, na maisha yake yote kazi yake ilikuwa kuchanja ng'ombe. Si bwana mifugo, hapana, bwana mifugo ni yule anayebaki kwenye Landrova na kofia yake. Baba ni yule anayeingia zizini na bomba la sindano. Amechanja ng'ombe wa Ufipa nzima, huku juu na kule bondeni Rukwa, na kila akimaliza mmoja, mwenzake Eustaki anampaka rangi ubavuni ili wasimrudie. Mwaka wa sotoka, ile tauni iliyofyeka ng'ombe, nikiwa mdogo, tuliona kwa macho yetu. Wenye rangi wanarudi malishoni, wasio na rangi wanaburutwa kwa kamba kwenda kufukiwa. Kwetu hilo hukuhitaji kufundishwa shuleni.

Sasa ya Dar. Kule hospitali kubwa, daktari alikuwa kijana mwenye miwani, mpole, anaongea kama anayeogopa kuamsha mtu. Alituita wote wawili, baba na mimi.

"Mzee, hivi si vidonda vya tumbo kama walivyokuambia huko. Ni saratani. Imeshatoka tumboni imeingia kwenye ini. Kukata hatuwezi tena."

"Na hii mashine mnayoisema?"

"Ni ya mionzi. Itakausha pale panapovuja damu, na maumivu yatapungua. Utaweza kula kidogo. Lakini sitaki nikudanganye, mzee wangu. Haitakuponya. Ni ya kukupa nafuu."

"Ya muda gani?"

"Miezi michache. Labda na zaidi. Labda pungufu."

Baba aliangalia mikono yake. Kisha akasema, "Nimekuelewa. Ni kumwogesha ng'ombe kwenye josho wakati homa ya ndigana imeshamwingia. Kupe watakufa, ila ng'ombe naye..."

Daktari alicheka kwa adabu. Mtoto wa mjini, hakuelewa kitu. Mimi nilielewa, nikaangalia dirishani.

Chumba cha mashine mlango wake ni mnene kuliko ukuta wa kanisa. Baba analazwa kitandani, lile dude linainamishwa juu ya tumbo lake, halafu wote wanatoka na mlango unafungwa. Hakuna sindano, hakuna moto, ni mvumo tu. "Wananiambia mzee usiogope," alinisimulia, "halafu wao wanakimbia!" Ili mionzi ipige mahali palepale kila siku, walimchora mraba wa zambarau tumboni kwa dawa kama ile ya kupaka watoto mdomoni, wakamkataza kuusugua. Mwanzoni alitapika zaidi. Nililia sana chooni, nikirudi naosha uso namsimulia habari za lifti. Halafu polepole damu ikakata. Asubuhi moja akaniomba wali.

Ndani ya treni, tulipopita Mlimba, abiria wenzetu wamelala midomo wazi, baba akanigusa goti.

"Rozina. Yale maneno ya daktari yabaki Dar."

"Hata kwa mama?"

"Hasa kwa mama yako."

"Baba, mimi kuficha habari! Si unanijua?"

"Ndiyo maana nakuomba, sikuamuru." Akavuta blanketi. "Marehemu babu yako walipojua anakufa, watu walikuwa wanaingia kwake kwa vidole vya miguu. Akiomba ugoro wanampa sala. Akimtukana mtu, yule mtu anajibu ahsante mzee. Alikufa hana hata wa kugombana naye. Mimi sitaki hivyo. Mpaka siku yenyewe, nataka nikae na watu wanaonitukana."

Nikamwahidi. Mwenzenu nilikuwa na habari nyingine nyingi tu za kujazia pale, nikadhani itawezekana.

* * *

Mama aliposikia lori limesimama alitoka jikoni na unga mikononi. Akamwona baba anashuka mwenyewe, kwa miguu yake. Alipiga magoti palepale barabarani, akapiga makofi ya salamu kama tunavyowasalimu wakubwa, lakini makofi yenyewe hayakuwa na mpangilio, unga unaruka.

"Baba Rozina," anasema. "Baba Rozina. Baba Rozina."

"Inuka, Cornelia, utachafua kanga. Kuna nini cha kula?"

Basi kelele! Mwanamvua, mke wa Abdala mwenye lori, ndiye jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuja anakimbia na kandambili moja. Mimi nikaanza kumwaga habari: bahari, lifti, treni, sukari, mashine. Nilisimulia mashine mpaka nikainama kuonyesha inavyoinama. Kila nikifika pale daktari anaposema, naruka, naingia kwenye lifti tena.

Jioni ileile mama alimchemshia baba maji ya kuoga. Mara nikasikia ukelele toka uani.

"Leonsi! Wamekuchora nini hapa?"

Nilisimama nyuma ya mlango. Baba akamjibu kwa ile sauti yake ya utani, sauti ya zizini.

"Hujui rangi hii, wewe mke wa mchanja ng'ombe? Nimechanjwa."

"Umechanjwa?"

"Aliyepakwa rangi umeshamwona anakufa?"

Angecheka mama, mambo yangeishia hapo. Lakini mama hakucheka. Mama alikaa na mtu anayerudi nyumbani na rangi kwenye kucha ujana wake wote. Alimwona ng'ombe wa baba yake mwenyewe, mzee Ignasi, alivyosalimika peke yake zizi zima mwaka wa sotoka, mraba wa rangi ubavuni. Nilichungulia. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti cha baba, kidole chake kinafuata ule mstari wa zambarau, pembe moja, pembe ya pili, polepole, bila kuusugua.

"Kumbe na watu wameanza kuchanjwa," alisema. "Ahsante Mungu. Ahsante Mungu."

Baba akaniona mlangoni. Aliniangalia, na mimi nikarudi jikoni nikageuza mboga ambayo haikuhitaji kugeuzwa.

Mwanamvua alipojua, mji mzima ulijua. Kesho yake watu wakaanza kuja. Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, shikamoo, marahaba, na bado hawajakaa: "Hebu tuone hiyo chanjo." Baba anafunua shati, wanaguna. Alikuja mama mmoja mwenye tezi kubwa shingoni, kanishika mkono wangu wa kulia kwa mikono yake miwili, "Mwanangu, wewe umesoma, waambie hiyo dawa wailete Sumbawanga." Akaja pia mzee anayekohoa tangu enzi za Mwingereza. Eustaki ndiye balozi wetu wa nyumba kumi, na siku hizo ubalozi ulikuwa ubalozi kweli. Alifika na kalamu sikioni, akaangalia tumbo la rafiki yake kwa makini sana.

"Mstari haujanyooka," akasema.

"Aliyechora alikuwa na shule kuliko wewe."

"Mimi kwa brashi ya mkia wa ng'ombe nilikuwa napaka vizuri zaidi. Na ng'ombe anapiga mateke!"

"Ulikuwa unapaka ng'ombe na suruali yako na uso wangu."

Wakacheka mpaka baba akajishika ubavu. Na nisiwafiche, nami nilicheka. Zile siku baba alinenepa mashavu kidogo. Alikula ugali wa ulezi na maharage, kidogo kidogo, anatafuna huku amefumba macho. Aliamka asubuhi anamkosoa mama jinsi anavyofagia. Ukimwona hivyo, na wewe ni mtoto wake, unaanza kujiuliza kama yule daktari mwenye miwani alisoma vizuri.

Lakini mimi ndiye niliyekuwa namfulia. Niliona anavyokaza mkanda tundu jipya kila mara, mashavu yanapanda na kiuno kinashuka.

* * *

Halafu mama akaja na shauri lake.

Tulikuwa tumekaa barazani, upepo unavuma ule wa Ufipa usiochoka, baba amejifunika koti la kazi.

"Nimefikiri," mama akasema. "Mtu hawezi kurudishiwa mume akanyamaza kama kakuta kuku wake aliyepotea. Nitapika pombe. Jumapili ijayo ya pili, baada ya misa, waje wote waliokuwa wanakuja kukulilia. Waje wakunywee."

"Kwa ulezi gani?" nikauliza haraka.

"Ule wa kihengeni."

"Mama! Ule ni wa mbegu."

Na ndio uliokuwa umebaki. Msimu uliopita baba alikuwa kitandani, tulilima kipande tu, na wa kula uliisha zamani. Mvua zilikuwa zinakaribia. Matuta ya duara shambani mama alishayatengeneza peke yake, kafukia majani mwenyewe, yanangoja mbegu.

"Mwenye shamba si amepona?" mama akasema. "Mbegu tutaazima kwa watu. Mtu mzima na mikono yake miwili hakosi wa kumwazima. Mjane ndiye anayenyimwa mbegu."

Nikamwangalia baba. Nilidhani atasema hapana. Alikuwa anaangalia mbali, kule barabara inakoshukia kwenda Kipili, na uso wake ulikuwa kama wa mtu mwenye kiu aliyesikia maji yanamiminwa.

"Pika," akasema.

Mama alipokwenda kisimani nilimvamia baba. "Baba, unajua mbegu ile ikipikwa mama mwakani atakula nini? Wewe..." Nikashindwa kumalizia.

"Mimi nitakuwa sipo, sema."

"Baba."

"Wewe utaajiriwa, utamlisha." Alisema hivyo huku hanitazami. "Rozina, najua ni ubaya. Hukuhitaji chuo kunieleza. Lakini siku moja tu. Nikae kwenye kiti changu, kata ya pombe mkononi, watu wananipigia kelele. Halafu mniweke popote mnapotaka."

Nikachukua ndoo, nikamfuata mama kisimani. Mama akauloweka ulezi. Akauchuja, akaufunika magunia nyuma ya jiko. Kila nikipita naona magunia yale yanavimba kidogo, na mimi navimba nayo.

Siku aliyoanika kimea uani, jua kali, baba kalala ndani, mama aliniita nimsaidie kutandaza. Ulezi ulikuwa umeota vijimizizi vyeupe, vimeshikana kama nywele. Tulikuwa tunavitenganisha kwa vidole. Nikaanza kumsimulia, kwa mara ya ngapi sijui, jinsi lifti inavyoacha tumbo lako chini.

"Rozina."

"Abee mama."

"Hiyo lifti nimeshaipanda nawe mpaka nimechoka. Tangu mrudi unasema mchana kutwa. Wewe ukiwa na jambo unalotaka kulificha ndivyo unavyofanya. Ulivunja ule mtungi wangu ukanisimulia mahubiri yote ya padri, ibada nzima."

"Sina jambo, mama."

"Unalo."

Nikatafuta la kumtupia, kama mtu anayefukuzwa na mbwa anavyotupa kiatu. "Basi nakwambia. Andwele, yule karani wa mkoani, Mnyakyusa, anataka kuleta posa."

"Hiyo najua. Mwanamvua aliniambia kabla hamjaondoka. Nyingine."

"Hakuna nyingine."

"Ya baba yako." Alikuwa hajaacha kutandaza. "Umenisimulia daktari alivyovaa miwani. Umenisimulia viatu vyake. Daktari gani huyo ana miwani na viatu, hana maneno? Alisema nini?"

Upepo ulipeperusha vumbi tukageuza nyuso. Tulipogeuka tena alikuwa bado ananiangalia, na mimi, na chuo changu, na mdomo wangu huu wote, sikuwa na mahali pa kwenda.

"Alisema ile mashine si chanjo, mama. Inakausha damu tu. Inampa nafuu. Ugonjwa wenyewe umeshaingia kwenye ini. Alisema miezi michache."

Mama hakulia. Aliangalia kile kimea kama vile ndicho kilichosema.

"Na yeye anajua?"

"Alikuwepo."

"Alikuwepo," akarudia. Akachota kimea kwa viganja viwili, akakiinua hadi usoni, akakirudisha kwenye mkeka. Ulezi ukishaota haurudi kihengeni. Na kuupanda huwezi, mvua bado, utaungua juani siku ileile. Hauna njia nyingine ila chunguni. "Akanitazama nikiloweka mbegu yangu. Akanitazama tu."

"Alitaka siku moja, mama. Ya kukaa na watu wakamtania."

"Na mimi nilitaka nini? Aliniuliza?" Halafu, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Sasa pombe hii nitaisema ni ya nini?"

Maana kwetu pombe hainywewi hivihivi. Aliyepika ndiye anayeonja kwanza, na kabla hajaonja anasema mbele ya watu ni ya nini: ya kulima, ya arusi, ya matanga. Akishasema, ndivyo inavyonyweka.

"Sema ya shukrani, mama. Watu wote wanajua ni ya shukrani."

"Niseme uongo juu ya chungu?"

Tukamaliza kutandaza.

* * *

Siku zilizofuata mama hakumgombeza baba hata mara moja. Alisaga kimea, akapika, akachuja, anampa uji wake kwa mikono miwili. Baba akaniuliza pembeni, "Mama yako ana nini? Mbona amekuwa mpole?" Nikasema amechoka na kazi. Ajabu ni kwamba aliniamini, mimi!

Jumapili ikafika. Baada ya misa watu walijaa uani kwetu: majirani wa Malangali, wazee wa Idara ya Mifugo, watu wa shamba, Mwanamvua naye na sinia la vitumbua, kakaa mbali na vyungu lakini hakubali kukosa. Baba alivaa koti lake la kazi, lile lenye vifungo vya shaba, lilimpwaya mabegani. Alikaa kwenye kiti chake, Eustaki kushoto kwake kwenye benchi la wanaume, na hata pombe haijaonjwa walikuwa wameshaanza ugomvi wao, ule ambao Malangali nzima iliujua kwa moyo.

"Hebu waambie watu ukweli leo, Leonsi. Lile dume la Laela. Nani aliachia kamba?"

"Wewe."

"Mimi! Mimi nilikuwa na kopo la rangi mikono yote miwili. Ningeshika kamba kwa meno?"

"Ulitupa kopo, ukashika kamba, ukaiona pembe, ukaachia kamba ukapanda mti. Nilikukuta juu ya mti!"

"Nilipanda mti kwa sababu wewe umeachia kamba!"

"Muongo mkubwa, na ubalozi wako."

"Muongo ni wewe, tumbo la zambarau!"

Watu wanashangilia, wengine upande huu, wengine ule. Baba alikuwa ameinuka nusu kwenye kiti, kidole hewani, macho yanawaka. Jamani, alikuwa mzima. Saa ile alikuwa mtu mzima kabisa.

Mama akatoka jikoni na kata.

Alipiga magoti mbele ya chungu kikubwa. Uani pakanyamaza. Akachota, akaishika ile kata bila kuionja, na mimi nikaona alivyokaza kidevu, nikajua. Nilitaka kupiga kelele, niseme chochote, niseme Andwele analeta posa, niseme lifti. Mdomo wangu ukakataa siku hiyo moja.

"Wote mlioitwa mmeitwa kwa pombe ya shukrani," mama akasema. "Nilipoloweka ulezi, ndivyo nilivyojua. Sasa siwezi kuisema hivyo. Mume wangu hajapona. Ile rangi si ya chanjo. Daktari aliwaambia yeye na mtoto kwamba ni miezi, na miezi yenyewe imeshaanza kwisha. Hii ni pombe ya kuagana. Mwenye neno na Leonsi amwambie leo anaposikia, asije akaliambia kaburi."

Akaonja. Akampelekea baba kata kwa mikono miwili, magoti chini, kichwa kimeinama.

Baba hakuipokea mara moja. "Umenizika, Cornelia," akasema polepole.

"Ulitaka nicheze ngoma juu ya kaburi?" mama akajibu bila kuinua kichwa.

Akaipokea. Hakunywa. Uani hakuna aliyejua aweke wapi macho. Mwanamvua alianza kulia ndani ya mtandio. Yule mama wa tezi alifunga kanga yake taratibu, kama mtu aliyenyimwa kitu. Kisha wakaanza kusogea mmoja mmoja, kama walivyoambiwa, kwa zile hatua ndogo, vichwa chini. Mzee mmoja akasema Mungu ni mwema. Mwingine akamwomba msamaha kwa ng'ombe aliyewahi kumficha asichanjwe. Sauti zao zote zimekuwa laini. Baba anaitikia, ahsante, ahsante, na kila ahsante anazama kidogo ndani ya koti.

Eustaki alikuwa bado kushoto kwake. Alivua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Leonsi. Lile dume."

Baba akageuka haraka.

"Ni mimi niliyeachia kamba," Eustaki akasema.

"Muongo."

"Ni mimi. Wewe ulikuwa unasema kweli siku zote."

"Sasa hivi tu umesema ni mimi! Watu wote hawa wamesikia!"

"Nimekumbuka vizuri, ndugu yangu."

"Usikumbuke!" Baba alimshika mkono, ule wa kofia. "Bisha. Eustaki, nakuomba, bisha."

Eustaki aliuweka mkono wake wa pili juu ya mkono wa baba, taratibu, kama anayemshika mgonjwa. Akaangalia chini.

Nimesoma saikolojia ya mtoto, nimesoma namna ya kufundisha hesabu kwa vijiti, hakuna mahali walipotufundisha mtu afanye nini pale. Baba alimwachia mkono. Alikaa na ile kata imeinama mkononi, pombe inamwagikia goti, na watu wamemzunguka wakimwangalia kwa upendo mkubwa, na sikuwahi kumwona mtu amekaa peke yake kama baba yangu alivyokaa saa ile.

Mama ndiye aliyeinuka. Mwanamke kwetu hakai benchi la wanaume kwenye pombe, lakini mama alimsukuma balozi Eustaki kwa kiuno, akakaa.

"Eustaki asijitie wema," akasema kwa sauti kubwa. "Kamba uliachia wewe, Leonsi."

Baba akamtazama.

"Ulirudi nyumbani siku ile viganja vyako laini kama vya karani. Mtu aliyeshika kamba ya dume la Laela anarudi hana hata mchubuko? Nilikukanda miguu usiku huo. Miguu! Miguu ya mtu aliyekimbia."

"Wewe ulikuwepo?" baba akasema.

"Sikuhitaji kuwepo. Mwizi wa mbegu atashindwa kuachia kamba?"

"Cornelia, mbele ya wageni..."

"Mbele ya wageni ndiyo! Uliachia kamba, ukanilewesha na mbegu yangu mwenyewe, na leo unataka upewe pole!"

"Sikuachia kamba!" Baba akanguruma. Ile sauti ya zizini. "Ilikatika! Ilikuwa kamba ya ushirika, imeoza, waulize Idara nzima!"

"Haikukatika, niliiona, tuliifungia mbuzi mwaka mzima!"

Mtu mmoja kule nyuma akacheka, akajiziba mdomo. Baba akataka kujibu, akainua kidole, akanywa kwanza funda moja kubwa kama mtu anayechukua nguvu, na ile pombe ikampalia. Akakohoa. Akakohoa tena, ameinama, mama kamshika mgongo, na ugomvi ukakatika palepale.

Alitoa leso, akafuta mdomo. Kabla hajainua uso aliikunjua ile leso akaiangalia, na mama akaiangalia, na Eustaki, na mimi niliyekuwa nimesimama na kata nyingine mkononi, na kila mtu uani aliyekuwa karibu alinyoosha shingo.

Ilikuwa pombe. Siku ile ilikuwa pombe tu.